Kuchagua Darubini ya Kuaminika kwa Gobore la Uwindaji

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Wengi wa wasomaji wetu wasemao Kiswahili wanaoishi Marekani walilijua neno hilo tangu utotoni, kwa kuwa vijijini gobore lilikuwa bunduki ya wazee, ya kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Huku ugenini wamelikuta katika sura mpya. Majimbo mengi ya Marekani yametenga msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa gobore, mbali na msimu wa bunduki za kawaida, na maduka huuza magobore yaliyoundwa kwa ufundi wa kisasa. Mtindo ulioenea zaidi ulipata umaarufu baada ya Tony Knight wa Missouri kutoa gobore lake la MK-85 mwaka 1985. Katika mtindo huo kiwashio hukaa nyuma ya baruti, katika mstari mmoja na mtutu, na juu ya bunduki huwa pameandaliwa mahali pa kufunga darubini.

Darubini hiyo ndiyo mada ya somo hili. Mwenye bunduki ya kawaida akikosa, huweza kupiga tena baada ya sekunde chache. Mwenye gobore ana risasi moja. Kushindilia nyingine huchukua nusu dakika au zaidi, na mnyama hangoji. Ikiwa darubini imehama mahali pake bila mwindaji kujua, matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa anayekwenda kufia kichakani, nyama isiyofika nyumbani, na siku za msimu, ambazo ni chache, zilizopotea bure. Ikiwa darubini haikufaa kwa bunduki hiyo tangu mwanzo, anayejeruhiwa huweza kuwa mwindaji mwenyewe.

Ofisi yetu haipendekezi chapa yoyote. Tunachokusudia ni kumwezesha mnunuzi kusoma maelezo ya bidhaa, kumwuliza muuzaji maswali yanayostahili, na kukijaribu kifaa kabla muda wa kukirudisha haujapita.

Sheria kwanza, duka baadaye

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua darubini nzuri ambayo huruhusiwi kuitumia. Kila jimbo lina kanuni zake za msimu wa gobore, na kanuni hizo hazifanani. Yapo majimbo yanayoruhusu darubini ya aina yoyote, na yapo yanayoruhusu ile isiyokuza tu. Colorado, kwa mfano, hairuhusu darubini katika msimu wake wa gobore. Mwindaji hulenga kwa vilengeo vya wazi. Utah iliwahi kuruhusu darubini za kukuza katika msimu huo, kisha ikaiondoa ruhusa hiyo, na waliokuwa wamekwisha kununua wakabaki na vifaa ambavyo katika msimu huo havina kazi.

Kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni za uwindaji cha jimbo lako, toleo la mwaka huu, kabla hujatoa fedha. Usitegemee kauli ya muuzaji wala ya jirani aliyewinda mwaka juzi. Ikiwa macho yako yana udhaifu uliothibitishwa na daktari, uliza idara ya wanyamapori ya jimbo kama kuna kibali maalumu, kwa sababu baadhi ya majimbo hutoa nafuu kwa watu wa namna hiyo.

Kwa nini gobore huitesa darubini

Mnunuzi huweza kujiuliza: Je, darubini yoyote ya bunduki haitoshi? Jibu ni kwamba gobore lina tabia tatu zinazotofautiana na za bunduki nyingine.

Ya kwanza ni teke lake. Gobore la kisasa la kaliba ya .50 hurusha risasi nzito, mara nyingi ya greni 250 hadi 300, na baadhi ya magobore huruhusiwa kushindiliwa hadi greni 150 za baruti. Kiasi kikubwa namna hiyo huirudisha bunduki begani kwa nguvu sana. Ndani ya darubini mna lenzi zilizoshikwa kwa pete, na mrija mdogo unaobebwa na springi. Vyote hivyo hupokea pigo hilo kila risasi inapotoka. Darubini dhaifu hulegea ndani polepole. Kwa nje huonekana nzima, lakini risasi haziendi tena zinakoelekezwa.

Ya pili ni masizi. Baruti nyeusi na nyingi za baruti mbadala huacha mabaki yanayovuta unyevu wa hewa na kula chuma. Kiwashio kinapolipuka, sehemu ya gesi hupenya juu na kutua chini ya mwili wa darubini. Usipoyafuta, mabaki hayo huharibu rangi ya darubini, pete na skrubu zake.

Ya tatu ni hali ya hewa ya msimu. Katika majimbo mengi msimu wa gobore huangukia vuli au majira ya baridi. Mwindaji hutoka katika gari lenye joto na kuingia katika baridi kali, kisha hurudi. Darubini isiyozibwa vizuri huingiwa na ukungu kwa ndani, nao haufutiki kwa kitambaa.

Umbali wa jicho: kipimo cha usalama

Katika karatasi ya maelezo, kipimo cha kwanza cha kutazama ni umbali wa jicho, yaani nafasi iliyopo kati ya lenzi ya nyuma na jicho wakati picha inaonekana kamili. Nafasi hii ikiwa fupi, bunduki inaporudi nyuma, ukingo wa darubini humpiga mwindaji juu ya jicho. Wawindaji wengi wana kovu la mwezi mwandamo kwenye nyusi zao kwa sababu hiyo, na wapo walioshonwa hospitalini.

Kwa gobore tunashauri usikubali nafasi iliyo chini ya inchi 3.5. Inchi 4 ni bora, na ziko darubini zilizoundwa kwa gobore au kwa bunduki za marisau ambazo hutoa karibu inchi 5. Zingatia mambo mawili. Kwanza, katika darubini nyingi umbali huo hupungua unapoongeza ukuzaji. Basi tazama kipimo cha ukuzaji wa juu kabisa, si cha chini peke yake. Pili, mtu anayepiga akielekea mlimani, au akiwa amekaa na kujikunja, husogeza uso wake mbele bila kujua. Nafasi iliyotosha dukani ukiwa umesimama wima huweza isitoshe porini.

Kuzisoma namba

Darubini huuzwa kwa namba kama 3-9x40 au 4x32. Namba iliyo kabla ya alama ya x hueleza ukuzaji: 3-9 maana yake picha huweza kukuzwa kuanzia mara 3 hadi mara 9. Namba inayofuata hueleza kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Matangazo humvuta mnunuzi aamini kwamba namba kubwa ndiyo ubora. Tufanye hesabu. Ukigawanya kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji, unapata upana wa duara la mwanga linalolifikia jicho. Darubini ya 40 kwa ukuzaji wa mara 4 hutoa duara la milimita 10. Mboni ya jicho la mtu, hata gizani, kwa kawaida haipanuki kupita milimita 7 hivi, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo, kwa ukuzaji mdogo, lenzi ya milimita 32 hukupa duara la milimita 8, ambalo tayari ni zaidi ya jicho linavyoweza kupokea. Lenzi ya milimita 50 husaidia tu unapokuza sana wakati wa mwanga hafifu, na msaada huo una gharama: uzito huongezeka, na darubini hulazimika kufungwa juu zaidi, hata shavu lako likaachana na kitako cha bunduki. Shavu lisipotulia, jicho nalo halitulii.

Ukuzaji wenyewe hutegemea mahali pa kuwinda. Msituni, ambako kulungu hutokea umbali wa yadi 40 au 60, ukuzaji mdogo hukuwezesha kumwona upesi, kwa kuwa eneo linaloonekana ni pana. Kwa yadi 100, ukuzaji wa mara 3 huonyesha upana wa yapata futi 30, na ukuzaji wa mara 9 huonyesha futi 12 hivi. Kwa risasi nzito ya gobore, ambayo hushuka haraka, wawindaji wengi hawapigi zaidi ya yadi 150. Darubini ya mara 2 hadi 7, au 3 hadi 9, humtosha mtu wa kawaida. Fedha unazookoa kwa kutonunua ukuzaji wa mara 16 zitumie kupata lenzi bora na vishikilio imara.

Kuhusu kipenyo cha mrija, utaona inchi 1 na milimita 30. Wauzaji wengine husema kwamba mrija mpana huingiza mwanga zaidi. Si hivyo. Faida yake kuu ni nafasi kubwa ya kurekebisha shabaha, nafasi ambayo mwindaji wa gobore haihitaji sana.

Lenzi na tabaka zake

Kioo kisichopakwa kitu hurudisha sehemu ya mwanga unaokigusa. Ndiyo maana lenzi hupakwa tabaka nyembamba za kupunguza mng'ao. Maneno ya kwenye kasha hutofautiana kwa maana, na tofauti hiyo ni fedha. Kuna lenzi zilizopakwa, ambapo huenda ni uso mmoja tu uliopata tabaka moja. Kuna zilizopakwa kikamilifu, yaani kila uso unaokutana na hewa una tabaka moja. Kuna zilizopakwa tabaka nyingi kwenye baadhi ya nyuso. Daraja la juu ni zile zilizopakwa tabaka nyingi kwenye kila uso unaokutana na hewa. Tafuta hizo. Majimbo mengi huruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na kulungu hutembea zaidi katika saa hizo hizo za mwanga hafifu.

Kuhusu ukungu, darubini inayoaminika hutolewa hewa ya kawaida ndani yake na kujazwa gesi kavu ya naitrojeni au agoni, kisha huzibwa. Kuhusu maji, tafuta kiwango kinachoeleza jaribio lililofanywa. Alama ya IPX7, kwa mfano, humaanisha kifaa kilivumilia kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Neno la jumla kama "haiogopi mvua", lisilo na kipimo, si ahadi.

Alama za kulengea na umbali

Ndani ya darubini mna msalaba wa kulengea. Msalaba wenye mikono minene pembeni na myembamba katikati huonekana vizuri kiza kinapoanza kuingia. Baadhi ya darubini za gobore huongeza vistari au viduara chini ya msalaba kwa ajili ya yadi 150, 200 na 250. Alama hizo hufaa, lakini zilipimwa kwa risasi fulani na kiasi fulani cha baruti. Ukitumia mchanganyiko mwingine, alama ya yadi 200 haitakuwa tena ya yadi 200. Isitoshe, katika darubini nyingi zinazobadilisha ukuzaji alama hizo huwa sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu. Kijitabu cha maelezo hueleza hilo, kisome.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu risasi ya gobore iliyorekebishwa kwa yadi 100 hushuka inchi kadhaa ifikapo yadi 150, na zaidi ya futi moja ifikapo yadi 200. Anayekisia umbali vibaya hujeruhi mnyama. Hakuna darubini inayomwondolea mwindaji wajibu wa kujua risasi yake huanguka wapi. Na kwa vyovyote vile, usijaribu kurefusha masafa kwa kubadilisha baruti: usitie kamwe baruti isiyotoa moshi katika gobore ambalo mtengenezaji wake hakuliruhusu, kwa maana mtutu huweza kupasuka mkononi.

Lipo pia suala la umbali ambao darubini imepangiwa kutoka kiwandani. Kwa umbali huo, hata kichwa chako kikisogea kidogo, msalaba hukaa palepale juu ya shabaha. Kwa umbali mwingine, msalaba huonekana kuhama. Darubini za bunduki za masafa marefu mara nyingi hupangiwa yadi 100 au 150. Zile za gobore na marisau huweza kupangiwa yadi 50 au 75. Anayewinda msituni atafaidika na umbali mfupi, ingawa tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kukufanya uikatae darubini nzuri.

Vishikilio: mahali ambapo wengi hubana matumizi

Malalamiko mengi kuhusu darubini inayohamahama asili yake huwa ni kiti na pete zinazoishikilia. Nunua kiti kilichotengenezwa kwa modeli ya gobore lako hasa, na pete zenye kipenyo sawa na mrija. Kaza skrubu kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukikaza kidogo, darubini huteleza kila unapopiga; ukikaza kupita kiasi, unaubonyeza mrija na kubana vilivyomo ndani.

Ikiwa gobore lako ni la kukunjwa katikati, lenye nyundo inayoonekana kwa nje, hakikisha kwamba darubini haitazuia kidole gumba kuifikia nyundo hiyo. Kipo kipande kidogo cha kuongezea nyundo upande wa kulia au kushoto, nacho mara nyingi huja pamoja na bunduki. Kidole kilichovaa glavu kikiteleza kwenye nyundo, bunduki huweza kufyatuka bila kukusudiwa.

Majaribio ya dukani

Mwombe muuzaji akuruhusu kufanya haya yafuatayo, na asiyekubali muage kwa heshima.

Shika darubini peke yake, bila bunduki, uitazame kwa ukuzaji wa juu. Rudisha jicho nyuma polepole mpaka kingo za picha zianze kuwa nyeusi, na upime umbali huo kwa futikamba. Linganisha na kilichoandikwa kwenye kasha.

Omba kutazama nje kupitia mlangoni, ikiwezekana jioni. Taa za duka huipendelea darubini yoyote. Tafuta maandishi madogo yaliyo mbali na mahali penye kivuli, kisha uilinganishe na darubini nyingine ya bei hiyohiyo.

Zungusha pete ya ukuzaji na vifundo vya marekebisho. Kila kliki isikike na ihisiwe kidoleni, bila kulegea na bila kukwama. Zungusha pete ukiwa umevaa glavu, kwa kuwa ndivyo utakavyofanya porini.

Tikisa darubini taratibu karibu na sikio. Kitu kinachogonga ndani ni sababu ya kuiacha.

Mwisho, uliza kama mtengenezaji anaruhusu darubini hiyo itumike kwenye gobore lenye teke kubwa, na umwombe muuzaji akuonyeshe maneno hayo katika kijitabu. Darubini nyingi za bei ndogo zilizoundwa kwa bunduki za upepo au za kaliba ya .22 hazikukusudiwa kupokea pigo la namna hiyo.

Waranti, risiti na bidhaa bandia

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, hutaka waranti ya maandishi ya bidhaa inayozidi dola 10 itaje wazi kama ni kamili au ni yenye mipaka. Kanuni zilizotungwa chini yake humtaka muuzaji amwezeshe mnunuzi kusoma waranti kabla ya kununua, iwapo bidhaa inazidi dola 15. Una haki ya kuisoma ukiwa dukani, na ununuzi wa mtandaoni hauifuti haki hiyo.

Soma hasa mambo manne. "Maisha yote" ni maisha ya nani: yako, ya darubini, au ya mnunuzi wa kwanza tu? Nani atalipa gharama za kuituma na kuirudisha? Je, waranti hudai risiti au usajili wa bidhaa? Je, hubatilika ukinunua kwa muuzaji asiyetambuliwa na mtengenezaji? Swali hili la mwisho ndilo linalowaumiza wanaonunua mtandaoni kwa bei ya kushangaza.

Darubini bandia zipo. Hubeba jina na nembo ya chapa maarufu, lakini hazina uimara wake, na mtengenezaji halisi hatazitengeneza. Dalili zake ni bei iliyo chini mno kuliko kwingineko, namba ya utambulisho isiyokuwepo au isiyotambuliwa na mtengenezaji, makosa ya tahajia kwenye kasha, na muuzaji asiye na anwani. Kabla ya kulipa, tazama orodha ya wauzaji wanaotambuliwa katika tovuti ya mtengenezaji.

Ukinunua kwa mbali, lipa kwa kadi ya mkopo ikiwezekana. Muuzaji anatakiwa kutuma bidhaa katika muda aliotangaza, au katika siku 30 ikiwa hakutaja muda. Akishindwa, sharti akuarifu na akupe nafasi ya kufuta ununuzi na kurudishiwa fedha. Bidhaa isipofika, au ikija tofauti na mlivyokubaliana, unaweza kulipinga deni hilo kwa kumwandikia mtoaji wa kadi ndani ya siku 60 tangu alipokutumia taarifa ya kwanza yenye deni hilo. Kinga hiyo haipatikani kwa namna ileile kwa kadi inayokata fedha moja kwa moja katika akaunti, wala kwa fedha zilizotumwa kwa hawala. Malalamiko ya udanganyifu hupelekwa kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako.

Uwanjani: kuthibitisha kabla ya msimu

Darubini haijathibitika mpaka ipigiwe risasi. Nunua mapema, ili muda wa kuirudisha usipite kabla hujaijaribu. Kabla ya kazi yoyote ya kufunga au kurekebisha, hakikisha gobore halina kitu ndani: tumbukiza mdeki mtutuni na uone kama unafika kwenye alama ya mtutu mtupu.

Anza kwa yadi 25 au 50, ukitumia risasi na baruti ileile utakayowindia. Safisha mtutu kwa namna moja kati ya risasi na risasi, kwa sababu masizi hubadilisha mwendo wa risasi. Darubini nyingi husogeza shabaha robo inchi kwa kila kliki kwa yadi 100. Kwa yadi 50, kliki hiyohiyo husogeza nusu ya hapo, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Basi risasi zikiangukia inchi 2 kulia na inchi 3 chini kwa yadi 50, zungusha kliki 16 kuelekea kushoto na kliki 24 kuelekea juu. Ukimaliza, rudia kwa yadi 100.

Kisha fanya jaribio la mraba kwa yadi 50. Lenga nukta moja wakati wote. Piga risasi mbili. Zungusha kliki 20 kulia, upige mbili. Kliki 20 chini, upige mbili. Kliki 20 kushoto, upige mbili. Kliki 20 juu, upige mbili za mwisho. Matundu yatachora mraba wenye pande za inchi 2.5 hivi, na risasi za mwisho zitaanguka karibu na zile za kwanza. Mraba ukipinda sana, au risasi za mwisho zisirudi zilikoanzia, kagua skrubu kwanza. Zikiwa zimekaza sawasawa, irudishe darubini pamoja na karatasi hiyo ya shabaha kama ushahidi.

Baada ya mafanikio, chora mstari mwembamba wa kalamu mahali pete inapokutana na mrija. Mstari ukikatika, utajua darubini imeteleza.

Utunzaji

Siku hiyohiyo ya kupiga, futa chini ya darubini na pete zake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha ukaushe. Lenzi usiifute ikiwa na vumbi: ipulize, ipitishie brashi laini, halafu ndipo utumie kitambaa cha lenzi. Usitumie mafuta ya bunduki juu ya kioo. Porini, ziba lenzi kwa vifuniko mpaka wakati wa kulenga.

Na usiitumie kamwe darubini ya bunduki kutazamia watu au vitu usivyovitambua. Unapomtazama mtu kupitia kwayo, umemwelekezea mtutu. Kwa kutazama, beba darubini ya mkononi.

Kuituma nyumbani

Baadhi ya wasomaji hutaka kuwatumia ndugu zao Afrika darubini waliyoacha kuitumia. Tahadharini. Darubini ya bunduki si kama simu au kamera: kuitoa Marekani husimamiwa na sheria za usafirishaji, na mara nyingi huhitaji kibali cha Wizara ya Biashara. Nchi inayopokea nayo ina masharti yake. Kenya, kwa mfano, imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Kuificha katika mzigo wa nguo huweza kumletea mpokeaji kesi asiyoitarajia.

Orodha ya kubeba dukani

1. Je, kanuni za jimbo langu kwa mwaka huu zinairuhusu?
2. Je, umbali wa jicho ni inchi 3.5 au zaidi kwa ukuzaji wa juu?
3. Je, kijitabu kinaruhusu matumizi kwenye gobore?
4. Je, lenzi zimepakwa tabaka nyingi kwenye kila uso unaokutana na hewa?
5. Je, imejazwa gesi kavu, na kiwango cha kuzuia maji kimetajwa?
6. Je, kiti na pete ni za modeli ya gobore langu?
7. Je, nimeisoma waranti, na muuzaji anatambuliwa na mtengenezaji?
8. Je, nina siku ngapi za kuirudisha, na nitaijaribu lini?

Kama jibu la swali mojawapo halijulikani, iache kaunta kwa leo. Rahisi ghali, walisema wahenga. Na kwa mwenye risasi moja, kurudi dukani kesho ni nafuu kuliko kumtafuta usiku kucha kulungu aliyejeruhiwa.